Kofi la Goma

Goma ni mji wa kando ya ziwa ambamo wanaojua kuogelea ni wachache na wanaodai kujua hawahesabiki. Julie Bashige, kwa maoni yake mwenyewe, alijua waogeleaji wawili tu katika mji mzima: Julie, na Julie akiwa amepumzika vizuri. Waliobaki aliwaita wafuaji. Kijana akijitupa majini pale Himbi mbele ya wasichana, akapiga mikono huku na huku na kutoka anahema, Julie alibenua midomo na kuuliza kwa sauti ya kusikika, "Huyu naye alikuwa anafua nini?"

Alikuwa na haki kidogo ya kusema hivyo, na hapo ndipo ubaya ulipoanzia. Wazazi wake, Wakatoliki waliotoka upande wa Bukavu, walipanga chumba na sebule nyuma ya zile nyumba kubwa za Himbi zenye walinzi na majenereta, na njia ya kwenda kuchota maji ziwani ilipita mlangoni mwao. Watoto wengine walikwenda na bidoni zao, wakachota, wakarudi. Julie aliiacha bidoni kwenye jiwe akaingia majini. Siku muzee Nsanzimana, mwalimu mstaafu wa michezo, alipomwona kasichana kale kanaipita pirogi yenye wanaume wawili na makasia mawili, alijikuta ameingia ziwani na viatu vyake. Wiki haikuisha kabla hajamwandikisha katika klabu yake. Klabu iliitwa Sambaza.

"Sambaza!" Julie alisonya, na alikuwa bado mtoto. "Mu vitu vyote vya ziwa, muzee, ukachagua kasamaki kale banakaangaka na kichwa chake?"

Alivyokua, midomo ilizidi kubenuka. Alishinda kila mashindano ya mkoa, na kila mara alirudi nyumbani akiwadharau zaidi aliowashinda. Kweli hawakuwa lolote. Mmoja aliogelea akiwa amefumba macho na kugonga bidoni za njano zilizowekwa kuonyesha njia; mwingine, Munezero, alishika mbavu katikati ya mbio na kuomba pirogi. Lakini dharau ni kama pilipili, mtu huanza kwa kidogo na mwishowe chakula bila hiyo hakimpiti kooni. Julie alimdharau Kahindo aliyeogelea vizuri kwa sababu alikuwa mfupi. Alimdharau Uwimbabazi kwa sababu alisali kabla ya kuingia majini. "Mungu ndiye atakupigia miguu?" alimwuliza.

Kitu alichokidharau kuliko vyote ni rele, yaani kuogelea kwa kupokezana, watu wanne wa timu moja, mmoja akimaliza sehemu yake mwenzake anaruka. Kwake ule ulikuwa mchezo wa kubebana. Hata ukiwa na nguvu za simba, utabeba wafuaji watatu mgongoni, na wakikushusha, medali ni ya wote. Ila federasyo, yaani shirikisho la taifa kule Kinshasa, haikuwa na haja ya msichana wa mkoani katika mbio za mtu mmoja. Nafasi hizo zilikuwa na wenyewe. Mlango wa kuingilia timu ya taifa kutoka mashariki ulikuwa rele ya mtindo huru. Basi Julie akaingia kwenye rele kama mtu anavyoingia kwenye gari bovu kwa sababu halipo lingine, akiwa ameshika pua.

Na rele ya Goma haikuwa kama rele za kwingine. Pwani ya Himbi ni mawe ya volkano. Meusi, yana vitobo, na yanakata kama wembe. Ukifika kwa kasi ukayagusa kwa vidole unaacha ngozi. Muzee Nsanzimana alilitafutia jambo hilo dawa tangu zamani. Anayefika hagusi jiwe. Anainua mkono juu ya maji, na mwenzake aliyesimama juu ya jiwe anainama, anampiga kofi kwenye kiganja, pwaa!, ndipo anaruka. Lile kofi likawa fahari ya klabu. Akina mama waliokuwa wakifua walilingojea, wakaitikia kwa vigelegele. Julie alilipenda pia, ingawa asingekubali hata ukimfunga kamba. Katika mchezo mzima wa kubebana, lile kofi lilikuwa lake: mkono wake ndio uliosikika mbali kuliko mikono ya wote.

Utauliza kama hawakuwa na bwawa. Lilikuwapo, la hoteli moja palepale Himbi, na mara moja kwa wiki meneja aliwaruhusu waingie asubuhi kabla wateja hawajaamka kunywa. Walijifunza kugeuka ukutani na kuhesabu mikono. Lakini rele, hapana. Ubao ulisema kuruka ni marufuku, na meneja alilinda ule ubao kuliko alivyolinda kasha la fedha. Hivyo kupokezana walifanyia ziwani tu, kwenye mawe, kwa kofi, miaka nenda miaka rudi.

Juu ya hayo yote alikaa prezida wa ligi ya kuogelea ya mkoa, papa Birindwa. Nisimwonee: alikuwa mtu mwenye moyo mwema na tumbo la kutosha. Hakuwahi kuonekana majini. Mvua ikianza kunyunya alikuwa wa kwanza kukimbilia barazani. Lakini suti ya michezo yenye bendera mgongoni hakuivua hata akienda misani, na filimbi ilining'inia shingoni mwake mwaka hata mwaka bila kupulizwa. Aliwahi kupendekeza mazoezi yahamishiwe ziwa dogo la Lac Vert, njia ya Sake, kwa sababu kule kuna mahali pazuri pa kuegesha gari. Muzee Nsanzimana akamkumbusha kwamba kule mabondeni kunatoka mazuku, hewa ya volkano isiyo na harufu, inayolaza mbuzi na mtu wasiamke tena. Prezida akafikiri kidogo, akauliza kama na asubuhi inatoka.

Huyo ndiye aliyemleta Ange. Ange Birindwa alikuwa mtoto wa kaka yake, msichana mrefu, mpole, aliyerudi kutoka shule ya bweni huko Uganda. Aliogelea vizuri kiasi. Vizuri kiasi tu. Mtu wa haki angesema alikuwa wa pili katika klabu, na Julie hakuwa mtu wa haki. Mwaka ule, mwaka mmoja kabla ya corona, prezida alipanga rele ya kwenda Kampala kwenye mashindano ya vilabu vya kanda: Kahindo wa kwanza, Uwimbabazi wa pili, Julie wa tatu, Ange wa mwisho.

Wa mwisho! Wa mwisho ndiye anayegusa ushindi, ndiye anayepigwa picha. Na safari hii palikuwa na jambo zaidi ya picha. Bwana mmoja wa federasyo angetoka Kinshasa kuja kuangalia, na katika timu ya Goma angechukua msichana mmoja, mmoja tu, kwa rele ya taifa. Julie alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na kila mtu alijua kwamba mwaka unaofuata wangetafuta wadogo. Kama si Kampala, basi tena.

"Papa Prezida," Julie alimwendea, mikono kiunoni, "Ange ataogelea wa mwisho juu ya nini? Juu ya maji ao juu ya jina?"

"Mutoto, tulia," Birindwa alijibu, akichezea filimbi yake. "Wa tatu ni moyo ya timu."

"Moyo!" Julie alisonya msonyo mrefu mpaka mlinzi wa jirani akageuka. Tangu siku ile hakumwita Ange kwa jina lake. Alimwita Mwana-wa-Prezida, na alipokuwa hana haraka, Mizigo.

Walisafiri kwa basi kupitia Rutshuru na Bunagana. Muzee Nsanzimana hakwenda. Kiti chake kilikaliwa na daktari wa timu, binamu wa mke wa prezida, ambaye udaktari wake ulikuwa mfuko mmoja wa Paracetamol na chupa ya mafuta ya kukanda. Pale mpakani Bunagana afisa wa forodha aliuliza waogeleaji ni wapi, na Birindwa akajipiga kifua cha suti yake akasema, "Delegasyo yote." Afisa aliangalia lile tumbo, akaangalia wasichana, akagonga mhuri akijiuma mdomo asicheke. Julie aligeuza uso dirishani. Aibu ya kuonekana na watu hawa ilimchoma kweli, na alijiapia kwamba akiondoka nao mara hii hatarudi nao.

Jioni kabla ya mashindano paliitishwa mkutano wa vilabu kueleza sheria. Julie alikataa kwenda. "Bataniambia nini juu ya maji?" Birindwa alikwenda, akakaa mstari wa mbele, na kwa kuwa mkutano wote uliendeshwa kwa Kiingereza alitikisa kichwa kwa kila sentensi bila kushika hata moja. Ange, aliyekijua Kiingereza, alikwenda pia akasimama nyuma. Aliporudi chumbani aliwakuta wenzake wanapaka mafuta miguu.

"Yaya Julie," alisema, kama mtu anavyomwita dada mkubwa, kwa sauti yake ya chini, "banasema huku hakuna kupiga mukono. Ni kugusa ukuta. Mwenye iko juu akiruka mbele ya ule wa chini hajagusa, timu yote inatoka."

Kahindo na Uwimbabazi waliacha kujipaka, wakasikiliza. Wakamwuliza tena, wakarudia wenyewe: ukuta, siyo mkono. Julie alimtazama Ange kuanzia utosini hadi unyayoni, taratibu, kama mtu anayetafuta mahali pa kutupa takataka.

"Weye ndiyo wa kunifundisha?"

"Hapana, yaya. Nimeleta tu habari."

"Minajua ukuta, Mwana-wa-Prezida. Mbele uzaliwe nilikuwa najua ukuta." Akalala, akaelekea upande mwingine. Na kweli alikuwa amesikia. Hilo ndilo lililomwuma baadaye, kwamba alisikia kila neno.

Asubuhi bwawa lilikuwa limetulia, buluu, na kamba za vizibo vyeupe na vyekundu zikigawa njia. Bwana wa federasyo alikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwavuli, miwani myeusi, mguu juu ya mguu. Kahindo alianza vibaya, akawa wa tano. Uwimbabazi alisali, akaingia, akawapandisha mpaka nafasi ya nne. Akagusa ukuta kwa mikono miwili kana kwamba anaukumbatia. Julie, juu ya kibao, aliona pengo kati yao na wale watatu wa mbele na karibu acheke kwa furaha. Hivi ndivyo alivyotaka: wafuaji wamwachie shimo, na dunia imwone anavyotoka ndani yake.

Akaruka.

Hata waliomchukia wanakubali kwamba siku ile aliogelea. Maji hayakumpinga. Alimpita wa kwanza kabla ya kugeuka, akampita wa pili palepale ukutani, na wa tatu, msichana mkubwa mwenye mabega kama mlango, alimpita taratibu, mkono kwa mkono, akimwona kila alipovuta pumzi. Watu walikuwa wamesimama. Bwana wa federasyo alishusha mguu. Julie alisikia jina la Goma likiitwa na watu ambao hawakuwahi kufika Goma, akafika mwisho wa bwawa akiwa mbele ya wote, akainua mkono juu ya maji.

Hakuufikiria. Mkono ulikwenda wenyewe, kiganja wazi, vidole vimetanuka, kama ulivyokwenda kwenye mawe ya Himbi tangu alipokuwa mtoto. Aliutoa juu akangoja kofi.

Kofi halikuja.

Alipandisha macho akamwona Ange juu ya kibao ameinama, tayari, na mikono yote miwili ameificha nyuma ya mgongo. Hilo ndilo wazo la kwanza lililompata Julie, na analikumbuka mpaka leo: ananikatalia mkono. Mbele ya watu wote hawa, Mizigo huyu, anajiona hata kunipa mkono hataki! Hasira ikampanda, akaunyosha mkono zaidi, akautikisa, mkono mtupu juu ya bwawa la watu. Ange alikuwa anapiga kelele. Midomo ilikuwa inafunguka na kufungika, na ilichukua muda maneno kupenya kwenye masikio yaliyojaa maji.

"Ukuta, yaya! Gusa ukuta!"

Yule mwenye mabega alifika, akagusa, mwenzake akaruka. Akafika mwingine, na mwingine. Ange hakuondoka. Angeweza kuruka; hasira, woga, kelele za Birindwa aliyekuwa anapuliza filimbi yake kwa mara ya kwanza maishani, vyote vilimsukuma aruke. Alikaa juu ya kibao kama aliyegongewa misumari, mpaka Julie alipoushusha ule mkono akauweka ukutani. Ndipo akaenda. Akampita mmoja, akamaliza wa tatu. Shaba. Goma haikuwa imewahi kupata hata shaba.

Wenzake walimvuta Julie kutoka majini wakamkumbatia. Hakuna aliyemlaumu. Angependa wamtukane; angejua la kujibu.

Jioni bwana wa federasyo alikuja mezani akichokoa mshikaki menoni. Hakuzunguka. Alisema kwa Kifaransa cha Kinshasa kwamba wenye mbio anao wengi, wamemjaa mpaka mlangoni, na kila mwaka timu yake inatolewa kwa sababu ya mtu mmoja asiyeweza kungoja. Alimtaka yule aliyebaki juu ya kibao. Birindwa aliinuka akamkumbatia, akalia. Ange alitazama sahani yake.

"Ni jina," Julie alisema, na alisema kwa sauti. "Mulifikiri atachukua nani, na papa yake mudogo ndiyo prezida?"

Alilisema tena ndani ya basi, akalisema Bunagana, na kwa miaka akalisema Himbi kwa yeyote aliyekuwa na sikio. Watu walimwamini, kwa sababu mambo kama hayo yapo na kila mtu anayajua. Ulikuwa uongo mzuri, uliovaa nguo za ukweli. Julie peke yake ndiye hakuuamini.

Muzee Nsanzimana alimngojea kituoni walipofika. Alikuwa ameshasimuliwa kwa simu. Alimshika mkono wa kulia, akaugeuza, akakitazama kile kiganja muda mrefu.

"Ni miye nilikufundisha hivi, mutoto wangu," alisema. "Makosa ni yangu."

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema kitu. Ange alinieleza, muzee, nikamdharau. Maneno yenyewe hayajai hata kiganja. Julie akabenua midomo, akautoa mkono wake, akasema, "Sasa ungefanya nini, muzee, na mawe ile." Akamwacha mzee wa watu aubebe mzigo usio wake. Aliubeba mpaka alipokufa. Ukitaka kujua dharau inafika wapi ikiachiwa njia, inafika pale.

Birindwa, ambaye hakuelewa chochote tangu mwanzo hadi mwisho, aliikuza picha moja iliyopigwa siku ile akaitundika katika ofisi ya ligi. Julie majini, mkono juu, uso umeinuka. Chini yake aliandikisha kwa rangi nyekundu: SALAMU YA USHINDI. Wageni wa ofisi huipita wakidhani wanaona furaha. Ukiisogelea utaona macho ya mtu anayeomba.

Leo klabu ya Sambaza iko mikononi mwa Julie, kwa sababu hapakuwa na mwingine. Mji umepita katika mambo yake, hoteli imefunga lile bwawa, na Ange anaishi mbali. Wasichana bado wanaingia ziwani asubuhi kwenye mawe yaleyale. Julie amefunga tairi kuukuu la lori kwenye jiwe kwa waya, na hilo ndilo ukuta. Lakini watoto wamelisikia kofi la Goma kutoka kwa mama zao waliokuwa wakifua pale, na kila anayeanza hufika na mkono juu, kiganja wazi, akitaka pwaa yake.

Majuzi mmoja wao, Aksanti, msichana mwenye mbio za kutisha na mdomo mrefu kuliko pirogi, alifika mbele ya wote akainua mkono. Julie alikuwa amesimama juu ya jiwe. Akapeleka mikono yake nyuma ya mgongo. Aksanti alingoja, akautikisa mkono, kisha akawageukia wenzake akasonya msonyo mrefu.

"Muone huyu mama. Anajiona! Hata kutupatia mukono hataki."

Wenzake walicheka. Jibu la Julie lilikuwa tayari ulimini, kali, la kumkausha mtoto mpaka harusi yake. Alilimeza. Akainama na mikono nyuma, na sauti iliyotoka ilikuwa ya chini, siyo yake, na aliitambua mara moja ni ya nani.

"Ukuta, mutoto," alisema. "Gusa ukuta."